Choroko puani, paka kalavatini

Kwetu tulizaliwa wanne, wote wa kike. Nyumba ya wazazi wangu pale Ngamiani, Tanga, haikukosa kelele: za kusukana, za kugombea kanga, za kucheka mpaka baba agonge ukuta tulale. Lakini sikumbuki hata siku moja mtu kupanda juu ya friji. Basi nilipojaaliwa mtoto wa kiume, akafuata wa kiume, akafuata tena wa kiume, nilikuwa kama mtu aliyepewa ngalawa naye hajui hata tanga linafungwaje.

Nawaandikia kina mama wenzangu wenye watoto wadogo wa kiume, wale wanaofika usiku koo linawauma kwa kupiga kelele. Mimi nimepita hapo. Nimepoteza hela, nimepoteza kochi, na lipo kofi moja nililompiga mtoto ambalo mpaka leo likinijia usiku usingizi unakata.

Majina yao siyataji. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 7, mdogo 4. Tunaishi Makorora, nyumba ya kupanga, ua tunachangia na wapangaji wengine. Baba yao ni mpakiaji mizigo bandarini, anaingia kwa zamu. Mimi alfajiri nakaanga vitumbua nauza barazani, na kuanzia saa tatu asubuhi ni mimi na wao.

Kofi lile lilikuwa mwaka 2022. Nilikuwa nachambua choroko kwenye ungo, mdogo nimempakata, wa kati, wakati huo ana miaka 4, amekaa pembeni yangu ametulia. Nikamsifu kimoyomoyo kwa utulivu wake. Baada ya muda nikamwona anapumua kwa mdomo, na tundu moja la pua linachuruzika kamasi. Nikamwambia penga. Akatikisa kichwa.

"Nikipenga itatoka."

"Itatoka nini?"

Kimya. Nikawasha tochi ya simu, nikamwinua kidevu. Kule ndani nikaona kitu cha kijani.

Hapo ndipo nilipomzaba kofi. Sikuuliza. Hofu ilinipanda, mkono ukatangulia. Kofi likamfanya alie, na mtoto akilia anavuta pumzi kwa nguvu, choroko ikazidi kuingia. Nikaongeza kosa la pili: nikachukua chupio la nywele nikajaribu kuikokoa. Chupio ni gumu, choroko ni duara na inateleza. Kila nikiigusa inasogea ndani, na damu ikaanza kutoka. Nikamwachia jirani mdogo, nikaita bajaji, tukaenda hospitali. Nauli kwenda na kurudi 6,000. Kwa bahati watoto wote nilikuwa nimewakatia kadi ya bima ya watoto, enzi hizo 50,400 kwa mwaka kwa kila mmoja, kwa hiyo matibabu yenyewe hayakunigharimu kitu siku ile.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri. Nilitegemea atatoa makoleo. Yeye akavuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mwanangu, akamuuliza kwa upole, "Eti baba, uliiweka humo ili iweje?"

Mtoto akafuta machozi. "Iote."

"Iote puani?"

"Kaka kasema mbegu inataka maji, joto na hewa."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mtoto wa jirani alikuwa darasa la tatu, na juma lile alikuwa na kopo lenye pamba na maharage kwa somo la Sayansi. Mkubwa wangu akajifunza kwake akaja kumfundisha mdogo wake, na mdogo wake akatafuta mahali penye maji, joto na hewa. Akapapata. Nilikuwa nimempiga mtoto kwa kufikiri.

Daktari akanifundisha kitu ambacho kila mzazi anapaswa kukijua. Mlaze mtoto au mpakate. Ziba kwa kidole lile tundu la pua lisilo na kitu. Mwambie afumbue mdomo kama anayetaka kubusiwa, weka mdomo wako juu ya wake uzibe kabisa, kisha puliza pumzi moja fupi ya ghafla. Hewa inapita kooni na kutokea kwenye lile tundu lililoziba, ikisukuma kitu nje. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili choroko ilinirukia shavuni, imevimba karibu mara mbili ya nilivyozijua za kwenye ungo.

Akaniambia na haya, nami nayaandika kama nilivyoyashika. Usiingize pini, kijiti wala kidole. Usimwagie maji, mbegu inavimba zaidi. Ukijaribu pumzi mara moja mbili isitoke, nenda hospitali. Kama kilichoingia ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya midoli, usijaribu lolote nyumbani wala usingoje asubuhi, kwa sababu inaunguza nyama ya ndani kwa muda mfupi sana. Na ukiona tundu moja tu la pua linatoa uchafu wenye harufu mbaya siku kadhaa, mchunguze, pengine aliweka kitu zamani akakunyamazia.

Tulipoinuka kuondoka, mtoto akagoma mlangoni. "Choroko yangu." Daktari akaifunga kwenye kipande cha shashi akampa. Tukaiweka kwenye kopo la majarini, juu ya pamba, dirishani. Siku ya tatu ikatoa kimkia cheupe. Hajapata kufurahi mtu nyumbani kwangu kama alivyofurahi yule. Mimi nilikwenda jikoni nikalia.

Usiku ule nikamwambia mume wangu kwamba kuanzia sasa nitauliza kwanza. Sikusema sitaadhibu. Nilisema nitauliza kwanza. Yeye akasema sawa, lakini akanitahadharisha kwamba majibu mengine yatakuwa magumu kuyasikia kuliko kosa lenyewe. Alisema kweli.

Kochi lilikuja mwaka uliofuata. Baba yao alikuwa amewahadithia jinsi yeye na wenzake walivyocheza chandimu kwa mpira wa mifuko ya rambo, inaviringwa, inafungwa kamba, inadunda vizuri. Wakaenda kutafuta rambo mtaa mzima. Hawakupata, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hawa wangu wameanza kupata akili dunia ikiwa na mifuko mbadala tu, ambayo ukiiviringa haidundi. Wakatafuta kinachodunda. Wakakipata ndani ya kochi.

Nilirudi sokoni nikakuta wanacheza uani mpira mzuri wa saizi ya nazi, soksi ya shule kwa nje, kamba ya mkonge imezungushwa kwa ustadi hasa. Nikawapongeza, nikaingia ndani, nikakaa. Nikashuka mpaka kwenye mbao.

Mikono ilinitetemeka, lakini nikauliza. Wakaeleza hatua kwa hatua, mkubwa anasema, wa kati anaonyesha walipokatia kwa kisu cha mkate, kwa chini, ili mama asione pameharibika. Fundi alinitoza 35,000 kwa sponji na kitambaa. Mpira wa dukani ulikuwa 5,000. Hesabu hiyo fanya mapema, dada yangu. Mtoto wa kiume wa miaka 5 na kuendelea atacheza mpira, uwepo usiwepo. Ukimnunulia, umenunua na usalama wa kochi, wa mto na wa soksi za baba yake. Na kaptula za shule, kabla hajazivaa siku ya kwanza, mpelekee fundi aongeze kiraka cha ndani makalioni. Mimi hulipa 1,000 kwa kila kaptula, na sasa kaptula inamaliza mwaka. Zamani ilikuwa haifiki muhula wa pili, maana wanateleza nazo kwenye kila ukuta ulioinama.

Nisijisifu kwamba baada ya choroko nilikuwa mtu mwingine. La kitanda nililikosea muda mrefu kuliko yote.

Wa kati alikuwa akikojoa kitandani hata alipofika miaka 6. Watatu wanalala kitanda kimoja, chandarua kimoja, kwa hiyo asubuhi ilikuwa kesi: kila mmoja mkavu kwa maneno, wote wamelowa kwa macho. Mkubwa alisema paa linavuja. Ilikuwa kiangazi. Mdogo, ambaye bado alikuwa na nepi, alikubali kosa kila siku kwa sababu alipenda kusemeshwa. Nikacheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya kumi nilichoka, nikatoa godoro nikalianika barazani mbele, pale pale ninapouzia vitumbua, ili mwenye nalo aone aibu aache. Watoto wa mtaa wakamwimbia. Nami nikawaacha waimbe.

Haikuacha. Ilijificha. Kukaingia harufu sebuleni ambayo sikujua inatoka wapi. Tukatafuta panya aliyekufa siku nne. Nikamwaga dawa, nikafua mapazia, nikachoma udi. Siku ya tano baba yao akavuta friji ili afagie nyuma yake, akasimama akaniita kwa sauti ndogo. Kulikuwa na kaptula za kulalia tisa, zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine.

Nilipomuuliza mwanangu kwa nini amezificha, alisema, "Ili usitoe godoro nje."

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Muheza, ameleta kapu la machungwa. Alisikia yote akiwa jikoni, akatoka na kisu chake mkononi, akamkazia macho mume wangu. "Na wewe hujamwambia mkeo? Wewe ulikojoa mpaka darasa la pili. Godoro lako nililitandika majani ya mgomba." Mume wangu akainama kuokota kaptula. Watoto wote watatu wakamtazama baba yao kama wanamwona leo. Wa kati akamsogelea, akamshika mkono, akawa hauachii.

Huko kliniki nikathibitishiwa aliyoyasema bibi: jambo hili mara nyingi hurithiwa, hutokea zaidi kwa wavulana, na chini ya miaka 5 halihesabiwi ugonjwa. Wengi huacha wenyewe wanapokua. La kukimbilia hospitali ni mtoto aliyekwisha kukauka miezi mingi kisha akaanza tena, au anayekunywa maji kupita kiasi, au anayeumia akikojoa. Nikanunua nailoni ya meza mita mbili nikaitandika chini ya shuka. Maji anakunywa ya kutosha mchana, jioni kidogo, na anakwenda msalani kabla ya kupanda kitandani. Akilowesha, tunabadilisha shuka mimi na yeye, hatusemi kitu, godoro halionwi na mtu. Ilichukua miezi mitano. Dawa ya madukani hakunywa hata kijiko.

Sasa niwaambie ya paka.

Desemba iliyopita, shule zimefungwa, tuliwapeleka mapango ya Amboni. Ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini, njia ya Horohoro, na ni aibu kwamba mimi mzaliwa wa Tanga nilikuwa sijaingia. Mwenye watoto wadogo, chukua viatu vilivyofunga, maana chini panateleza, na tochi yako mwenyewe mbali na ya mwongozaji, kwa sababu watoto hawataki kutazama anapomulika yeye. Wangu walitaka kuwamulika popo. Mdogo alibebwa kuanzia mlangoni mpaka mwisho, na akadai ametembea.

Mwongozaji akasimulia hadithi ambayo wazee wa huku wote wanaijua: mbwa aliingia kwenye mapango, akapotea, akaja kutokea Kilimanjaro. Mkubwa akauliza alitumia siku ngapi. Mwongozaji akasema hilo hadithi haisemi. Nilipaswa kushtuka pale pale. Mtoto ameuliza swali zuri, hakupata jibu, amenyamaza. Huyo amekwenda kulitafuta mwenyewe.

Siku mbili baadaye nilisikia bi mkubwa tunayepanga naye akiita paka wake kwa sauti ya msiba. Nikatoka na mwiko wa vitumbua. Mtaani kwetu kuna kalavati linapita chini ya barabara. Upande mmoja mkubwa amepiga magoti, ameshika simu mbovu ya baba yake kana kwamba anasoma saa. Upande wa pili wa kati amelala kifudifudi na tochi. Mdogo amesimama katikati ya barabara na kichwa cha samaki mkononi, ameambiwa azuie bajaji.

Kwanza nilimtoa mdogo barabarani. Kisha nikashusha mwiko. "Mnafanya nini?"

"Tunapima," akasema mkubwa.

"Mnapima nini?"

"Paka kutoka Tanga mpaka Kilimanjaro."

Bi mkubwa akashika kichwa. Nilijizuia kucheka kwa sababu mwenzangu alikuwa na uchungu wa kweli, paka yule ndiye anayelala naye tangu mumewe afariki. Tukaita, tukaweka kichwa cha samaki mdomoni mwa kalavati, hakutoka. Alitoka magharibi, peke yake, amejaa vumbi, akapita mbele yetu sote akaingia chumbani kwa bibi yake. Mdogo akatangaza kwamba paka amerudi kutoka Moshi. Kwa nini Moshi? Babu yao mzaa baba alikuwa mtu wa reli, na baba yao huwasimulia kabla ya kulala habari za reli ya Tanga, ilivyoanza kujengwa 1893 ikafika Moshi 1911. Kwa mdogo, Kilimanjaro na Moshi na mwisho wa reli ni mahali pamoja.

Adhabu ilikuwepo. Walikwenda wenyewe kwa bi mkubwa, watatu kwa mstari, na sahani ya vitumbua kumi. "Shikamoo bibi, tunaomba radhi." Akaitikia marahaba, akachukua sahani, akafunga mlango. Alituwekea kinyongo wiki mbili nzima na sikumlaumu. Siku zote hizo mkubwa alimchotea maji. Nami niliwakatazia mashimo na makalavati kwa sababu walizozielewa: mna nyoka, na masika ikianza mvua inaweza kujaza mtaro kabla hujageuka utoke.

Usiku baba yao akawasomea kwenye simu kwamba wataalamu wa Ujerumani na Uturuki waliyapima mapango yale mwaka 1994, wakakuta hata lililo kubwa kuliko yote lina mita 900 tu. Mkubwa akafikiri sana. "Walitumia paka?" Baba yake akasema hilo hajui.

Tangu hapo nina kawaida moja. Wakitoka mahali, madrasa, shule, kwa bibi, msibani, nawauliza wamesikia nini, na wanadhani kilikuwaje. Dakika kumi tu, huku nakoroga unga wa vitumbua. Nimezuia mengi kwa dakika hizo. Siku moja nilizuia mtu asiruke na mwavuli kutoka kwenye mwembe.

Si yote yanazuilika. Mwezi uliopita, Ijumaa, baba yao alikwenda na mdogo msikitini, kanzu nyeupe, kofia, amependeza. Wakati wa khutba mtoto akatoka polepole, baba yake akadhani amekwenda kukaa na wenzake nyuma. Swala ilipokwisha, watu wakafika mlangoni wakakwama. Viatu vyote, vya wazee, vya vijana, ndala na makubadhi, vilikuwa vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kuanzia ngazini, vikapita penye mabomba ya kutawadhia, vikatoka getini, vikakata kona. Mdogo alikuwa mbele kabisa, amechuchumaa, anasogeza cha mwisho.

Mume wangu anasema alijisikia joto usoni, na maneno makali yalifika ulimini. Akachuchumaa.

"Baba, hii ni nini?"

"Treni."

"Inakwenda wapi?"

"Moshi. Kumrudisha yule paka wa pale, imchukue wa bibi."

Kumbe muda wote ule aliamini aliyerudi si mwenyewe. Watu wamesimama peku juani, wengine wana kazi zinawangoja. Baba yake akawa anatafuta la kuwaambia. Mzee mmoja, mwenye bakora, akapita katikati yao akamwinamia mtoto.

"Mjukuu wangu, makubadhi yangu yako behewa la ngapi?"

Mdogo akamshika mkono, akampeleka.